Kama pai ni irashonali, mbona mtihani watwambia tutumie 22/7? Na hizi sadi za kidato cha tatu

MamaNuru_Kisauni

Asalam aleikum jamani, naombeni msaada kwa wale wanaoijua hesabu kwa undani. Binti yangu yuko kidato cha tatu, wameingia mada ya sadi (vipeuo visivyotoka kamili, kama √2) na nyumbani sasa kila jioni ni mjadala, mimi hesabu naipenda na nilitoka nayo vizuri tu shuleni lakini maswali anayoniuliza huyu yataka mtu aliyekaa nayo.

La kwanza. Kwenye daftari ameandika namba rashonali ni ile inayoweza kuandikwa kama sehemu, namba kamili juu, namba kamili chini, na ya chini isiwe sufuri, na irashonali ni ile isiyoweza kabisa. Sawa, hapo twaelewana. Mstari wa pili mfano wa irashonali ni pai. Sasa fungua karatasi za KCSE (mtihani wa kumaliza kidato cha nne) za miaka ya nyuma, maswali ya duara yamejaa "tumia pai kuwa 22/7". Hiyo 22/7 si sehemu? 22 juu, 7 chini. Mtoto aniambia mama, ama daftari limekosea ama mtihani umekosea, chagua moja.

La pili, walipewa mraba wenye upande wa 1 watafute mshazari wake. Akaandika 1.414 akanyimwa maksi moja, akaandikiwa kwa peni nyekundu "acha kwa sadi", yaani jibu litakiwalo ni √2. Yeye aona √2 ni swali ambalo halijajibiwa, umeulizwa kitu nawe umerudisha kitu kingine cha kutafutwa. Na kusema kweli nikimsikiliza naona ana hoja, kwa sababu kalkuleta yampa 1.414213562, tarakimu zote hizo, vipi jibu la tarakimu kumi lishindwe na alama ya kipeuo.

La tatu, kwa nini sadi ikiwa chini ya sehemu lazima iondolewe? 1/√2 ina ubaya gani?

Fomula anazo, daftari limejaa. Nnachotafuta ni sababu.

Mwl_Tudor

Waaleikum salaam Mama Nuru. Huyo binti mshike vizuri, hayo maswali ndiyo yenyewe na wengi wanamaliza kidato cha nne bila kuyauliza.

Nianze na pai. Daftari liko sawa na mtihani uko sawa. Mtihani unampa ruhusa ya kukadiria ili hesabu itoke bila kalkuleta, ndo maana ukiangalia maswali hayo utakuta kipenyo ni 7 au 14 au 21 au 3.5, wamezipanga zikatike na ile 7 ya chini. Mwambie agawe 22 kwa 7, atapata 3.142857, halafu abonyeze pai yenyewe kwenye kalkuleta, atapata 3.14159265. Zimeenda pamoja 3.14 halafu zikaachana. Kwa duara la daftarini huwezi kuona tofauti, lakini chukua duara la kipenyo cha kilomita 7, kwa 22/7 mzingo wake ni kilomita 22 kamili, kwa pai ni kilomita 21.991, umeongeza kama mita 9 ambazo hazipo.

Na hii si habari ya juzi. Archimedes wa Sirakusa, karne ya 3 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa, alilizungushia duara umbo la pande 96 kwa nje na jingine la pande 96 kwa ndani, akapiga hesabu, akaonyesha kuwa pai ni ndogo kuliko 22/7 na ni kubwa kuliko 223/71. Kwa hivyo tangu mwanzo 22/7 ilijulikana ni mpaka wa juu, pai iko chini yake kidogo. Kwamba hakuna sehemu yoyote duniani inayolingana na pai, hilo lilikuja kuthibitishwa miaka ya 1760 na Johann Heinrich Lambert, na uthibitisho wake ni mzito, hauingii kidato cha tatu. Ya √2 inaingia, akitokea mtu wa kuiandika hapa vizuri nitafurahi, la sivyo nitairudia mwenyewe.

Kuna kitu hapa walimu wengi twakipita mbio kwa sababu silabasi ni ndefu. Wanafunzi huambiwa irashonali ni "desimali isiyoisha". Hapana!! 1/3 haiishi, ni 0.333 mpaka kesho, na ni rashonali kabisa. Kinachotenganisha ni kurudia. Mpe binti karatasi agawe 1 kwa 7 kwa mkono, ile njia ya darasa la nne, bila kalkuleta, na kila hatua aandike baki pembeni. Mabaki yatakuja 1, halafu 3, 2, 6, 4, 5, halafu 1 tena. Simama hapo. Ukigawa kwa 7 baki haiwezi kuwa zaidi ya 6, kwa hivyo kuna mabaki sita tu ya kuzungukia, na baki ikishajirudia kila kitu kinachofuata chajirudia, ndio tarakimu zaja 142857 142857 142857 hazibadiliki. Ukigawa kwa 113 mabaki ni mengi zaidi lakini yana mwisho vile vile, lazima siku moja moja wapo lirudi. Kwa hivyo sehemu yoyote ile, desimali yake ama yakatika ama yarudia, haina njia ya tatu. Na kinyume chake ni kweli pia, desimali yoyote inayorudia unaweza kuirudisha kuwa sehemu. Chukua 0.272727, iite x, zidisha kwa 100 upate 27.2727, toa x ya kwanza, mkia wote unafutana, unabaki na 99x = 27, x ni 27/99 ambayo ni 3/11. Agawe 3 kwa 11 aone.

Tahadhari moja, kurudia si sawa na kuwa na mpangilio. Namba 0.101001000100001, kila mara unaongeza sufuri moja kati ya zile moja, ina mpangilio mzuri hata mtoto aweza kuiendeleza, lakini hakuna kipande kinachojirudia, kwa hivyo ni irashonali.

Hilo la √2 kuwa swali lisilojibiwa nalijia, napitia daftari za watu kwanza.

FundiTaili_Likoni

Mwalimu nimekusoma lakini nitie neno la watu wa kazini. Mimi naweka taili, na taili za mshazari (zile zimewekwa kama almasi) ndizo zinaharibu watu. Taili ya 60 kwa 60, kona hadi kona ni sentimita 84.85. Kuna vijana hapa nishawaona wanapiga hesabu kwa 1.4, wapata 84, waona ni sawa tu ni chini ya sentimita moja. Sasa panga taili kumi kona kwa kona, wao wamehesabu 840, ukutani inafika 848 na nusu, sentimita 8 na nusu zatoka wapi? Ndio unaona mtu amefika ukutani kipande cha mwisho hakiingii, anashika grinda anakata taili ya mwenye nyumba vipande vipande.

Lakini ukitumia 1.414 kwa taili hizo hizo kumi umekosa milimita 1 na kidogo, hiyo grauti yaimeza. Kwa hivyo mimi namuunga mkono huyo binti kidogo, kwenye tepu hakuna alama ya √2, kuna milimita, na mwisho wa siku lazima uiandike kwa desimali ndio ukate. Jibu ambalo huwezi kulipima lina kazi gani?

Mwl_Tudor

Fundi ahsante, na umelisema mwenyewe bila kulitaja, 1.4 ilitosha kwa taili moja haikutosha kwa kumi. Ukiwa na √2 mkononi wewe ndiye unaamua usimame wapi, taili kumi 1.414 yatosha, barabara nzima utataka tarakimu zaidi. Ukiwa umeshaandika 1.4 kwenye karatasi na kuifuta √2, huna njia ya kurudi, zile tarakimu zimepotea. Ndio maana twasema √2 ndilo jibu kamili, na 1.414213562 ya kalkuleta ni jibu lililokatwa. Mama Nuru, mwambie achukue hiyo 1.414213562 aizidishe kwa yenyewe kwa mkono, hatapata 2. Atapata 1.999999998 na mkia. √2 mara √2 ni 2, papo hapo, hakuna cha kukadiria. Sasa lipi ndilo limejibu swali? Tena zile kalkuleta mpya ukibonyeza kipeuo cha 2 zinaandika √2 hivyo hivyo kwenye kioo, mpaka ubonyeze kitufe kingine ndio zinakupa desimali.

Naingia hapo hapo kwenye swali la tatu. 1/√2 haina ubaya wowote wa kihesabu, ni namba halali. Kuna sababu mbili za kuondoa sadi chini. Ya zamani ni ya mkono, jaribu kugawa 1 kwa 1.41421356 kwenye karatasi uone jasho, halafu jaribu kugawa 1.41421356 kwa 2. Ni jibu lile lile, 0.7071, lakini la pili mtoto wa darasa la nne analiweza. Enzi za majedwali, kabla ya kalkuleta, hiyo ilikuwa nusu ya kazi.

Ya pili ndiyo naipenda zaidi kwa sababu inaonyesha kukadiria mapema kunavyoua. Chukua 1 juu, chini √5 kutoa 2. Mwanafunzi mmoja akadirie √5 ni 2.24, chini anapata 0.24, jibu lake 4.167. Mwingine achukue 2.236, chini 0.236, jibu 4.237. Ona walivyoachana!! Walianza na tofauti ya 0.004 wakamaliza na tofauti ya 0.07. Sababu ni kwamba chini kulikuwa na kutoa kwa namba mbili zilizokaribiana, ile iliyobaki ni ndogo na kosa dogo juu yake linakuwa kubwa. Sasa fanya kwa sadi, zidisha juu na chini kwa √5 jumlisha 2. Chini yatoka 5 kutoa 4, ambayo ni 1. Jibu ni √5 + 2 basi, kwisha. Mwenye 2.24 sasa apata 4.24, mwenye 2.236 apata 4.236, na jibu la kweli ni 4.23607. Kosa limebaki dogo kama lilivyoingia. Alama ya katikati lazima igeuzwe, kama chini ni kutoa zidisha kwa kujumlisha, kwa sababu (a − b)(a + b) ni a² − b² na vipeuo vyote vyafa kwa kupigwa mraba. Wengi wanazidisha kwa √5 peke yake halafu washangaa sadi haiondoki.

Na maksi ya binti yangu haikuliwa bure, swali likisema acha kwa sadi basi ni sadi, lisiposema kitu na kalkuleta yaruhusiwa desimali hukubaliwa. Asome maagizo mpaka nukta ya mwisho.

BintMvita

Mwalimu kaomba uthibitisho wa √2, nauandika mimi, niko mwaka wa pili nasomea hesabu na huu ndio ulionifanya niipende.

Tuseme yupo mtu anadai √2 ni sehemu. Tunamwambia sawa, tuletee hiyo sehemu, lakini uipunguze mpaka mwisho kwanza, usituletee 6/4 tuletee 3/2. Aiite p/q. Sasa √2 = p/q, piga mraba pande zote, 2 = p²/q², yaani p² = 2q². Upande wa kulia kuna kuzidisha kwa 2, kwa hivyo p² ni shufwa (yagawika kwa 2). Na namba ikiwa witiri mraba wake ni witiri (3 yaleta 9, 5 yaleta 25, 7 yaleta 49), kwa hivyo p haiwezi kuwa witiri, p ni shufwa. Basi p ni mara mbili ya kitu fulani, kiite k, p = 2k. Irudishe mahali pake, 4k² = 2q², kata kwa 2, q² = 2k². Ona, sasa q² ndiyo shufwa, na q ni shufwa kwa sababu ile ile. Juu shufwa chini shufwa, maana yake sehemu ilikuwa bado yakatika kwa 2, na mwenyewe alituapia ameipunguza mpaka mwisho. Dai lake limejivunja. Hakuna sehemu. Haijalishi unatumia mamilioni juu na mamilioni chini, haipo.

Mama Nuru kama mna karatasi ya fotokopi hapo nyumbani, zile za A4, shikeni moja. Ikunje katikati upande mrefu, unapata umbo lile lile kwa udogo, A5, na ukiikunja tena lile lile. Karatasi ya vipimo vya kubahatisha haifanyi hivyo, ile ya mraba ukiikunja yawa ndefu. Ili umbo libaki lile lile lazima urefu ugawe kwa upana sawa na upana ugawe kwa nusu ya urefu, ukiifuata hiyo urefu kwa mraba ni mara mbili ya upana kwa mraba, yaani uwiano wao ni √2. Wajerumani waliiweka kuwa kipimo rasmi mwaka 1922 na sasa karibu dunia nzima yaitumia. Lakini kiwanda hakiwezi kukata √2, kinakata milimita kama alivyosema ami fundi, kwa hivyo A4 ni milimita 297 kwa 210. Gawa zote kwa 3, ni 99/70. Piga mraba, 99² ni 9801, na 70² mara mbili ni 9800. Imekosa kwa MOJA. Ingekuwa 9800 kwa 9800, √2 ingekuwa sehemu, na uthibitisho hapo juu ndio unakwambia haitatokea.

Na kuna njia ya kuzipata hizi sehemu za karibu, anza na 1/1, halafu ya juu mpya ni juu jumlisha mara mbili ya chini, ya chini mpya ni juu jumlisha chini. Zaja 3/2, 7/5, 17/12, 41/29, 99/70, 239/169. Angalia kila moja, 7² ni 49 na mara mbili ya 5² ni 50. 17² ni 289 dhidi ya 288. 239² ni 57121 dhidi ya 57122. Mara imezidi moja mara imepungua moja, milele, haigusi. Mimi nikiiangalia hii hadi leo naona raha isiyo kifani.

Kuna kibao cha udongo cha Babeli, kiko chuo kikuu cha Yale kule Marekani, cha kati ya miaka 1800 na 1600 kabla ya Nabii Isa, kimechorwa mraba na mshazari wake na juu ya mshazari imeandikwa namba kwa hesabu yao ya sitini sitini, ukiigeuza ni 1.41421296. Imepungua kwa 0.0000006 tu!! Walikuwa hodari wa kukadiria kupita maelezo. Wagiriki ndio waliokuja na hoja ya kuwa haifiki.

MamaNuru_Kisauni

Mashallah, nimesoma yote na binti kakaa hapa pembeni na karatasi ya A4 ameikunja mpaka imekuwa kama stempu. Mabaki ya saba tumeyafanya kwa mkono na yamerudi kweli. Anakuuliza dada BintMvita swali, nalinukuu alivyosema, "hiyo hoja ya shufwa nikiifanya kwa √4 si itasema √4 pia si sehemu, na √4 ni 2?" Amefika hapo akakwama, nami nimekwama naye.

BintMvita

Swali la kikubwa hilo dadangu. Kila uthibitisho jaribu kuuvunja hivyo hivyo ndio ujue umeuelewa. Fanya nami pole pole. √4 = p/q, kwa hivyo p² = 4q². p² ni shufwa, p ni shufwa, p = 2k. Mpaka hapa ni sawa na mwanzo. Rudisha, 4k² = 4q². Sasa kata, k² = q². Imetoka nini? k = q basi. Haisemi q ni shufwa, haisemi chochote kibaya, yasema tu p ni mara mbili ya q, yaani sehemu ni 2/1. Hoja imejifia yenyewe njiani na badala ya kuvunja dai imekupa jibu lake. Kwenye √2 ilibaki 2 moja upande wa kulia isiyo na mwenzake, kwenye 4 zile mbili zilikuwa jozi zikafutana.

Hapo hapo ndio utajua kipeuo kipi ni sadi na kipi si sadi. √9 imevaa alama ya kipeuo lakini ni 3 tu, si sadi. Vunja namba iliyo ndani kwa namba tasa, ikiwa zote ziko kwa jozi kipeuo kinatoka kizima, ikibaki hata moja haina jozi ni irashonali. √72, vunja, 2 × 2 × 2 × 3 × 3, jozi ya 2 yatoka, jozi ya 3 yatoka, 2 moja yabaki ndani, jibu 6√2. Ndio kurahisisha sadi kwote huko, hakuna kingine.

KijanaChangamwe

Mimi niko kidato cha nne naombeni na mimi niingie hapo hapo. Kwenye kuzidisha √4 × √9 ni √36, yakubali. Sasa kujumlisha mbona haikubali, √9 + √16 mwalimu wetu alikataa tusiandike √25 lakini hakutupa sababu muda ulikuwa umeisha. Na pia, sadi ukijumlisha na sadi lazima iwe irashonali?

FundiTaili_Likoni

Hilo la kwanza niachieni mie. Kijana, sisi tukitaka kujua kona ya chumba iko skwea twapima sentimita 60 ukuta huu, 80 ukuta ule, halafu twapima kutoka alama hadi alama, ikija 100 kamili kona iko sawa, ikizidi au ikipungua kona imepinda. Ni 3, 4, 5 tu umezidisha kwa 20. Sasa 9 jumlisha 16 ni 25, kipeuo chake 5. Lakini kipeuo cha 9 ni 3 na cha 16 ni 4, ukivijumlisha ni 7. Kama 5 na 7 zingekuwa sawa basi kukatiza chumba kwa mshazari kungekuwa urefu ule ule wa kuzunguka kwa ukuta, na hakuna mtu aliyewahi kukatiza uwanja akaona hivyo. Na ndo maana mafundi duniani kote wapenda 3, 4, 5, zote tatu zaja namba kamili, tepu yazisoma bila kukadiria.

Mwl_Tudor

Fundi njoo unisaidie kufundisha, hilo nitalitumia darasani.

Kwa upande wa herufi, piga mraba √9 + √16, unapata 9 + 16 na juu yake ile ya katikati, mara mbili ya √9 × √16, ambayo ni 24. Jumla 49. Wanaoandika √25 wameitupa hiyo 24. Na mtihani hupenda kuipima kupitia pembe. Kwa mfano 1 juu, chini 1 + kosaini ya 30. Kosaini ya 30 ni √3/2, zidisha juu na chini kwa 2, wapata 2 juu ya 2 + √3, halafu zidisha kwa 2 − √3, chini ni 4 − 3 yaani 1, jibu 4 − 2√3. Mwenye haraka atazidisha kwa 2 + √3, apige mraba 2 na √3 mbali mbali bila ile ya katikati na atapotea kabisa.

La pili, si lazima. √2 jumlisha (5 − √2) ni 5, zote mbili zilikuwa irashonali na jumla ni namba kamili. √2 × √8 ni √16, ni 4. Irashonali na irashonali hujui zitazaa nini mpaka uzifanye. Ila rashonali jumlisha irashonali ni irashonali siku zote, kwa sababu kama 3 + √2 ingekuwa sehemu, ukitoa 3 ingebaki sehemu, na √2 ingekuwa sehemu, na dada ameshaufunga mlango huo.

Sasa wewe na binti wa Mama Nuru, √2 + √3 je? Msikimbilie kusema irashonali kwa sababu inafanana, nataka sababu. Iite r na useme ni sehemu. Piga mraba, r² = 2 + 2√6 + 3, yaani r² = 5 + 2√6. Toa 5, gawa kwa 2, √6 = (r² − 5)/2. Upande wa kulia ni sehemu zimepigwa mraba, zikatolewa, zikagawanywa, yote hayo yakizaa sehemu. Kwa hivyo √6 ingekuwa sehemu. Na 6 ukiivunja ni 2 × 3, hakuna hata mmoja aliye na jozi.

MamaNuru_Kisauni

Kaifanya mwenyewe hiyo ya √6, p² = 6q², p ni shufwa, p = 2k, 4k² = 6q², akakata ikawa 2k² = 3q², akasimama dakika nzima halafu akasema 3 ni witiri kwa hivyo q² ndiyo lazima iwe shufwa. Mwalimu, yuko sawa?

Mwl_Tudor

Sawa kabisa, q² ni shufwa kwa hivyo q ni shufwa, na p alishaiona ni shufwa, dai limevunjika. Kesho aifanye √3, pale aangalie kugawika kwa 3 badala ya kwa 2, njia ni hiyo hiyo.